Hodi Gani Hii ya Mtu Ambaye Tayari Ameketi Sebuleni?



Leo tunaongea juu ya kile kibao kinachoruka chini ya kioo cha simu kila ukifungua tovuti mpya. "Tunatumia kuki ili kukupa huduma bora." Halafu kitufe kikubwa chenye rangi ya kuvutia: KUBALI ZOTE. Pembeni, kwa maandishi madogo ya kijivu, kuna "Chaguo zaidi". Wewe unataka kusoma habari, ama kuangalia nafasi ya kazi, ama kusikiliza darsa. Unabonyeza Kubali, unaendelea na maisha. Kwenye kikao chetu kilichopita niliuliza nani amewahi kubonyeza kile cha kukataa. Watu walitazamana tu.

Mimi nasema hivi, na anayepinga aje tujadiliane hapa chini: ile Kubali yako si ruhusa. Umechukuliwa ruhusa kwa ujanja, kisha ukaandikiwa kwamba umeitoa mwenyewe. Na kwa Muislamu wa Kenya hili si jambo la kuachia mafundi wa kompyuta. Ni haki ya kiraia, iko meza moja na kitambulisho na hijabu shuleni.

Kwanza tuelewane kuki ni nini, maana kuna wanaosema eti ni virusi, na wengine eti ni jicho la Dajjali. Acheni hizo. Kuki ni maandishi mafupi tu. Ukifungua tovuti, kompyuta ya upande wa pili inakipa kivinjari chako, iwe Chrome, Opera ama Firefox, kipande cha maandishi na kukiambia: kaa na hiki, ukirudi unionyeshe. Mara nyingi ni namba ndefu isiyo na maana yoyote kwako. Ukirudi kesho, kivinjari kinatoa ile namba, na tovuti inasema, aha, ni yule wa jana. Aliyeibuni ni Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Netscape huko Marekani, mwaka 1994. Shida aliyotaka kutatua ilikuwa ya kawaida kabisa: duka la mtandaoni lilikuwa linasahau mteja ameweka nini kwenye kikapu.

Hiyo haina ubaya. Bila kuki ya namna hiyo ungeingia eCitizen, ukafungua ukurasa wa pili, ukaulizwa nywila tena, na tena, na tena. Kuki ya mwenye tovuti, ya kukukumbuka ukiwa kwake, ni kama mwenye duka anayekujua kwa sura. Hakuna anayelalamikia hiyo.

Sasa fikiria soko letu la Ogembo. Umeingia duka la kwanza kununua sabuni. Nyuma ya kaunta, mbali na mwenye duka, kuna jamaa amekaa na daftari. Hakusemeshi. Unatoka, unaingia duka la dawa, na jamaa yule yule amekaa pale na daftari lile lile. Unaingia kwa fundi wa simu, yupo. Unaenda kuswali Adhuhuri, yupo mlangoni karibu na viatu. Jioni daftari lake lina siku yako yote, kwa saa na dakika, na anaanza kulinadi: nani anataka kijana wa miaka ishirini na mitatu, anaumwa tumbo, hana kazi, anaswali?

Huyo ndiye kuki ya mtu wa tatu. Wewe umefungua tovuti moja, lakini ndani yake wenye tovuti wameweka kipande cha kampuni ya matangazo, ama kitufe cha Facebook, ama picha ya nukta moja ambayo jicho halioni. Kile kipande nacho kinaweka kuki yake. Na kwa kuwa kampuni ile ile imejipandikiza kwenye maelfu ya tovuti nyingine, inakutambua kila unapokwenda. Ndiyo sababu umeuliza mara moja tu bei ya pikipiki, na wiki nzima pikipiki inakufuata hadi kwenye video ya mawaidha. Hukumfuata muuzaji. Yeye ndiye anakufuata, na bando analotumia kukufuata umelinunua wewe.

Sisi tuna neno kwa adabu inayovunjwa hapa. Tuna maneno mawili, kusema kweli.

Kama Waislamu tunajua istiidhani, kuomba idhini. Suratun-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akatufundisha kwamba idhini ni mara tatu. Usipojibiwa, geuka uende zako. Angalia hapo: kutojibu si kukubali. Nyamaza ya mwenye nyumba maana yake ni rudi. Kwenye tovuti nyingi ukinyamaza, ukiendelea tu kusoma bila kubonyeza chochote, wanakuhesabu umekubali. Na nyingine zimeshaweka kuki kabla hata kile kibao hakijatokea. Yaani mgeni yuko sebuleni, amevua viatu, ameshaangalia picha za ukutani, ndipo anasema "hodi".

Na kama Abagusii tunajua chinsoni. Mzee wa Kigusii haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kiwanja ni chake, huenda hata mabati alinunua yeye, na bado hapiti ule mlango. Hakuna anayemuuliza kijana "kwani una nini unaficha humo ndani?" Swali lenyewe lingekuwa aibu. Mlango una heshima yake hata kama nyuma yake kuna kitanda na sufuria tu.

Hapo ndipo nataka kuwajibu wale wa "mimi sina cha kuficha". Nimeisikia sana, na sana sana kutoka kwa vijana wetu wazuri, wenye swala tano, wasiokuwa na neno na mtu. Eti anayejificha ni mhalifu.

Ndugu yangu, wewe si unayeamua kama una cha kuficha. Anaamua anayeshika daftari. Aprili 2014, kwenye Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu walikusanywa Eastleigh na kwingineko, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, Wasomali kwa wingi. Wengi wao hawakuwa na cha kuficha. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliweka MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya Pwani, kwenye orodha ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Korti ilikuja kuamuru zifunguliwe Novemba mwaka huo huo. Miezi saba. Mashirika yenye vitabu vya hesabu, mawakili na majina makubwa yalichukua miezi saba kujisafisha. Wewe wa Ogembo, mwenye simu ya itel na wakili wa kusikia kwenye redio, itakuchukua muda gani?

Sisemi kwamba OCS wetu anasoma kuki zako. Nasema kitu rahisi zaidi. Taarifa ikishakusanywa inakuwa bidhaa, na bidhaa haichagui mnunuzi. Leo inanunuliwa na muuza pikipiki. Kesho hujui.

Na hili si la kukisia. Limeshatutokea sisi, Waislamu, kwa jina.

Novemba 2020, waandishi wa Motherboard huko Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, ile apu ya nyakati za swala na kibla ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa inatuma mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni inayoitwa X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa inauzia makandarasi wa ulinzi taarifa hizo, na kupitia kwao zinafika jeshi la Marekani. Ilikuwemo pia apu ya Waislamu ya kutafuta wachumba. Muslim Pro walikanusha kwamba waliuzia jeshi moja kwa moja, na wakatangaza kukata uhusiano na kampuni hizo. Sawa, tumewasikia. Lakini mtu aliyeweka apu ile aliweka kwa sababu gani? Ili asikose Fajr. Aliambiwa ruhusu mahali ulipo tupate kukuonyesha kibla, akaruhusu, kwa nia safi kabisa.

Mtu ataniambia, hiyo ni apu, si kuki. Ni kweli, kuki ni ya kivinjari. Ndani ya apu kazi ile ile inafanywa na vipande vya programu vya makampuni ya nje pamoja na namba ya matangazo ambayo simu yako ya Android imepewa. Jina tofauti, daftari ni lile lile. Na hata kuki zenyewe zimeshafika mikononi mwa majasusi: Desemba 2013, gazeti la Washington Post, likitumia nyaraka za Edward Snowden, liliandika kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa linatumia kuki ya Google iitwayo PREF kutambua kompyuta za watu linaotaka kuwadukua. Kuki ambayo Google yenyewe iliweka. Hao majasusi hawakuhitaji kuunda chombo kipya, walikikuta kimeshafungwa kwenye kila kompyuta.

Turudi kwenye kibla, maana hapa ndipo mimi hukasirika. Hebu fikiria kidogo. Kutoka hapa Gusii, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Ukiwa Ogembo ni hivyo, ukiwa Kenyenya ni hivyo, ukienda Nyamira ni hivyo. Kibla hakihami ukivuka mto Gucha. Na nyakati za swala? Tofauti ya Magharibi kati ya Ogembo na Kisii mjini haifiki hata dakika moja. Tunaishi karibu na ikweta. Mwaka mzima jua halituyumbishi kama linavyowayumbisha ndugu zetu wa Norway. Karatasi ya ratiba ya swala inayobandikwa ukutani inatosha, na haijawahi kumripoti mtu aliyeisoma.

Kwa hivyo apu inayotaka kujua uliposimama kwa mita, usiku na mchana, hata ikiwa imefungwa, haifanyi hivyo kwa ajili ya swala yako. Inahitaji jina la mji tu. Andika "Kisii", basi. Hiyo nyingine yote ni biashara.

Wamarekani wenyewe waliona haya. Januari 2024, tume yao ya biashara, FTC, iliipiga marufuku X-Mode, ambayo sasa imejibadilisha jina inaitwa Outlogic, kuuza taarifa za watu kufika mahali nyeti, na nyumba za ibada zimo kwenye orodha. Yaani serikali ya nchi ambayo jeshi lake lilikuwa mnunuzi imekiri kwamba kujua nani anaingia msikiti gani saa ngapi si jambo la kuuzwa sokoni. Na kijana wetu bado ananiambia hana cha kuficha.

Sasa tuje nyumbani. Je, sheria ya Kenya inasema nini? Inasema vizuri tu, na hilo ndilo linaloudhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema ruhusa lazima iwe wazi, iwe huru, iwe ya jambo maalum, na mtoaji awe ameelewa anachokubali. Kifungu cha 32 kinasema ni juu ya anayekusanya data kuthibitisha kwamba ulikubali, na kwamba unaweza kuiondoa ruhusa yako wakati wowote. Tena sheria hiyo inahesabu utambulisho wa mtandaoni kama kitu kinachoweza kukutambulisha wewe, kwa hivyo wasituambie "ni namba tu". Na imani yako, dini yako, imewekwa kwenye kundi la data nyeti, pamoja na afya, kabila na alama za mwili.

Weka hiyo kando ya KUBALI ZOTE. Iko wapi huru, kama kukataa ni vitufe vitano na kukubali ni kimoja? Iko wapi kuelewa, kama maelezo ni kurasa kumi na mbili za Kiingereza cha mawakili, na msomaji ni mama yako anayetafuta matokeo ya mtihani wa mdogo wako? Iko wapi jambo maalum, kama umekubali "washirika wetu" mia na kitu kwa mguso mmoja wa kidole?

Ulaya walishalivunja hili. Oktoba 2019 mahakama yao ya juu, kwenye kesi ya kampuni ya Ujerumani ya Planet49, iliamua kwamba kisanduku kilichowekwa alama ya kukubali kabla hujakigusa si ruhusa. Januari 2022 Ufaransa ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, na kosa lilikuwa hili hili ninalolalamikia: kukubali ni mbonyezo mmoja, kukataa ni safari. Kwa hivyo kampuni hizo zinajua kuweka kitufe cha Kataa. Kwa Mfaransa zilijua. Kwa mtu wa Ogembo hazijaulizwa, ndiyo maana.

Hapa kwetu Kamishna wa Data, Bi. Immaculate Kassait, aliingia ofisini Novemba 2020, na si kwamba alilala. Septemba 2023 ofisi yake ilitoza faini ya shilingi 4,550,000 shule moja kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, 1,850,000 kilabu kimoja cha Nairobi kwa kumchapisha mteja wake, na 2,975,000 kampuni ya mikopo ya simu iliyokuwa inatisha watu kwa namba zilizopatikana kwa watu wengine. Vizuri. Lakini hizo zote ni za picha na namba za simu. Hizi kuki zinazotufuata kila siku, kwenye tovuti za hapa hapa Kenya, nani ameguswa mfukoni? Mkisema Kamishna ana kazi nyingi, nakubali. Basi tumpe malalamiko yaliyoandikwa vizuri, kwa wingi, yasiyoweza kuwekwa chini ya faili nyingine. Sheria inaruhusu kulalamika hata kwa mdomo, wakakuandikia wao, na inampa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Na msiniambie malalamiko ya watu wadogo hayafiki popote. Wanubi ni watu wadogo. Mababu zao waliletwa hapa kama askari wa Mwingereza kutoka Sudan, wengi wao ni Waislamu, hata hapa Kisii wapo, na miaka mingi walikuwa wakihojiwa na kamati kwa ajili ya kitambulisho tu. Ni Nubian Rights Forum iliyokwenda kortini kupinga Huduma Namba pamoja na mashirika mengine. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walikataa serikali kuchukua DNA ya watu na mahali wanapoishi kwa setilaiti, na wakasema mradi usiendelee bila sheria za kutosha za kulinda data. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru Worldcoin ifute data za miili ya Wakenya, zile mboni za macho watu walipanga foleni kupigwa picha mwaka 2023. Kesi zilipelekwa na raia na mashirika ya raia. Hakuna aliyeletewa haki mlangoni.

Kuna jambo lingine, na hili wengine hawatalipenda. Tovuti zetu wenyewe. Nimepita kwenye tovuti kadhaa za Kiislamu hapa nchini, za madrasa, za kuchangisha zaka na futari, za vyuo. Sitataja jina la yeyote, maana naamini wengi hawajui. Unafungua ukurasa wa kuchangia yatima, na kabla hujasoma bismillahi kivinjari changu kinaniambia kimezuia wafuatiliaji kadhaa, wa Facebook na wa Google wakiwa mbele. Hakuna kibao cha kuuliza. Maana yake Muislamu anayetoa sadaka kwa siri, mkono wa kushoto usijue, kampuni ya California imejua. Imejua amefungua ukurasa gani, saa ngapi, kwa simu gani.

Wenye tovuti watasema fundi aliyetutengenezea ndiye aliweka. Sheria haimtafuti fundi, inamtafuta mwenye tovuti. Ondoeni. Kama mnataka tu kujua watu wangapi wametembelea, kuna programu za kuhesabu zisizomfuata mtu hadi kwake. Kamati inayoweza kuchangisha mabati ya msikiti inaweza kumwambia kijana mmoja afute mistari mitatu ya kodi. Hatuwezi kuandamana dhidi ya serikali kutuorodhesha huku tukiwaorodhesha waumini wetu bure kwa niaba ya mfanyabiashara.

Na ndiyo, najua unasoma haya kwenye Facebook. Tuko hapa kwa sababu ninyi mko hapa. Lakini hebu tumia hii hii Facebook kujionea: ingia mipangilio ya akaunti yako, tafuta sehemu inayoonyesha shughuli zako nje ya Facebook, zile tovuti na apu zilizowapelekea habari zako. Soma hiyo orodha polepole. Halafu urudi uniambie huna cha kuficha. Pale pale kuna pa kuifuta na kuizuia isijae tena.

Kwenye Chrome ya simu, gusa nukta tatu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha kuki. Kama simu yako iko kwa Kiswahili wameziita "vidakuzi", usipotee hapo. Chagua kuzuia za watu wa tatu. Tovuti zako za kawaida zitaendelea kufanya kazi, na kama moja ikigoma unaweza kuiruhusu hiyo peke yake. Google walikuwa wameahidi tangu 2020 kuziondoa kabisa kwenye Chrome, wakasukuma tarehe mara kadhaa, na mwishowe wakaghairi, kwa hivyo usingoje wakufanyie. Safari ya iPhone ilizizuia yenyewe tangu Machi 2020. Firefox nayo inazifungia kila moja kwenye tovuti yake, na ni bure. 

Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya Google kuna sehemu ya matangazo. Futa ile namba ya matangazo. Kisha pitia apu moja moja uone nani amepewa ruhusa ya kujua ulipo. Apu ya swala, ondoa, andika mji kwa mkono. Tochi inayotaka kujua ulipo, ifute kabisa, hiyo haina hata haya.

Sasa wale wanaotumia saiba, na ni wengi hapa kwetu msimu wa KUCCPS na HELB. Hapa kuki ya kawaida, ile nzuri, ndiyo inageuka hatari. Ukiingia akaunti yako kwenye kompyuta ya saiba halafu ukafunga ukurasa tu bila kutoka kwenye akaunti, kuki ya kukukumbuka inabaki pale. Anayekalia kiti baada yako anafungua tovuti ile ile na anakuwa wewe. Namba yako ya kitambulisho, ya mzazi wako, yote iko wazi. Kwa hivyo fungua dirisha fiche kabla ya kuanza, na ukimaliza toka kwenye akaunti kwanza, kisha funga dirisha lote. Dirisha fiche halikufichi kwa mwenye tovuti wala kwa Safaricom, msidanganyike. Linafuta kuki zako kwenye ile kompyuta, na kwa saiba hicho ndicho unachohitaji. Wenye saiba, nanyi jamani, wekeni kompyuta zenu zifute kuki kila kivinjari kikifungwa. Ni mpangilio mmoja tu.

Na kile kibao kikikuruka tena, chukua zile sekunde kumi. Tafuta Kataa. Kama haipo, ama imefichwa nyuma ya kurasa tatu, na tovuti ni ya Kenya, piga picha ya kioo. Iwe na jina la tovuti na tarehe. Tutumie kwenye kisanduku cha ujumbe cha ukurasa huu.

Jumamosi hii baada ya Asr tunakutana pale tunaposwali hapa Ogembo. Mje na simu zenye chaji. Dada zetu, mna nafasi yenu imeandaliwa na nyie ndio mnaongoza kikundi cha kuandika malalamiko, maana mwandiko wenu unasomeka. Picha zenu tutazipanga tovuti kwa tovuti na kuzipeleka kwa Kamishna, jina la kila mwenye kutaka jina lake liwepo likiwa limeandikwa kwa ridhaa yake. Wenye tovuti za madrasa na za misikiti tunawapigia simu wiki hii kabla ya kikao, kimya kimya, tukiwapa nafasi ya kusafisha wenyewe kwanza.